Mashine ikisoma P0700 bado haijasema giaboksi imekufa

Ndugu Mhariri,

Salaam na pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo moja ambalo linawatoa watu hela nyingi bila sababu huku kwetu Moshi na Arusha, yani mtu ana gari yake ya automatiki, imeanza kugoma kubadili gia au taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, anaipeleka gereji, fundi anachomeka mashine pale chini ya usukani, inatokea namba P0700, na kabla hata boneti haijafunguliwa mwenye gari anaambiwa giaboksi imekufa tafuta nyingine ya mtumba. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Moshi na hii kitu inaniuma kweli, kwa sababu namba ile haijasema hivyo hata kidogo.

P0700 maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi imeona tatizo fulani na imeiomba kompyuta ya injini iwashe taa, basi. Ni sawa na mtoto katumwa aje akuambie unaitwa nyumbani, yeye mwenyewe hajui unaitiwa nini. Ukitaka kujua unaitiwa nini lazima uingie kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe usome namba iliyo kule ndani, na hapa ndipo shida inapoanzia maana hivi vimashine vidogo vya kuunganisha na simu kwa bluetooth vingi vinaishia kwenye kompyuta ya injini tu, havifiki kwenye giaboksi. Fundi anaona P0700 peke yake alafu kilichobaki anajazia kichwani. Na kuna gari nyingi za kutoka Japani za miaka ya nyuma zina soketi ileile ya pini 16 lakini kompyuta yake inaongea lugha ya kampuni iliyoitengeneza, kwa hiyo kimashine kinasema hakijaunganishwa na mtu anaambiwa kompyuta ya gari imeungua. Haijaungua, ni mashine ndiyo haiielewi gari.

Hizi namba zenyewe hazina uchawi. Zilipangwa pamoja na soketi ile wakati Marekani ilipolazimisha gari zote ndogo za kuanzia modeli ya 1996 ziwe na mfumo mmoja, ndiyo maana P0700 ya Unga Limited pale Arusha ni ileile ya Marekani. Zinazoanza na P0 ni za wote, zinazoanza na P1 nyingi ni za kila kampuni na maana yake, kwa hiyo usichukue P1 ya Nissan ukaitafutia maana kwenye orodha ya Toyota, nimeona mtu kabadilishiwa spea kwa staili hiyo.

Ukishaingia kwenye giaboksi yenyewe unakuta namba zinazoongea. P0731 inasema uwiano wa gia ya 1, yani shafti inayoingia inazunguka mara ngapi ile ya kutoka ikizunguka mara moja, hauko sawa, P0732 gia ya 2, P0733 ya 3, inaenda hivyohivyo. Ikija moja peke yake, tuseme P0733 tu na gia zingine zote ziko safi, hapo unaangalia klachi ya ndani ya giaboksi au solenoidi, yani valvu ndogo ya umeme inayoongoza oili, inayohusika na gia hiyo. Zikija zote kwa pamoja usikimbilie kusema klachi zote zimekufa siku moja, angalia kitu kinachozilisha zote, yani oili iko kiasi gani, presha ikoje, chujio la ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, limeziba au vipi, na sensa za mzunguko zinasema kweli? Vilevile kwenye solenoidi kuna tofauti ambayo watu wanairuka. P0753 inaongelea umeme wa solenoidi A, maana yake waya, soketi au koili. P0751 inaongelea kazi yake, umeme unaweza kuwa upo sawa kabisa lakini gia haitokei kama ilivyoagizwa, na hapo ndipo unaanza kufikiria uchafu, valvu iliyokwama au klachi inayoteleza. Mtu anakuja na P0753 anaambiwa ashushe giaboksi nzima wakati hata mita haijawekwa kwenye waya! Solenoidi nyingi za kubadili gia za Toyota ukizipima ukinzani zikiwa za baridi zinasoma om 11 mpaka 15, na ile ya presha wanayoiita SLT ni kama om 5 na kidogo, ni kazi ya dakika chache na mita ya kawaida ambayo kila fundi umeme anayo.

Lakini Mhariri namba ni mwanzo tu. Kitu chenyewe kiko kwenye zile data zinazocheza kwenye skrini gari ikiwa inatembea, na hapo ndipo mafundi wengi hawaingii. Mashine nzuri inakuonyesha mzunguko wa injini, mzunguko wa tabaini yani shafti inayoingia kwenye giaboksi, mzunguko wa shafti inayotoka, joto la oili, gia iliyoagizwa, na kama konveta, kile kipande chenye oili kinachounganisha injini na giaboksi, imefunga klachi yake ya ndani au haijafunga. Ukiwa na hivyo vitu vitano sita huhitaji kubahatisha.

Anza gari ikiwa imesimama. Weka nyutro, injini ipo sailensa, yani hujakanyaga mafuta, kwenye 700 hivi, tabaini nayo itakuwa karibu palepale kwa sababu konveta inaisukuma na hakuna klachi iliyoshika. Sasa kanyaga breki uweke D. Tabaini inatakiwa ishuke mpaka sifuri, maana klachi imeshika na magurudumu hayaendi. Ukiona inashuka polepole, au haifiki sifuri inabaki inazunguka, hapo klachi ya kwenda mbele haishiki vizuri au presha ni ndogo, na umeliona hilo bila kufungua hata nati moja. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao wanasema kutoka N kwenda D gari ishike ndani ya sekunde 1.2 na kwenda R ndani ya sekunde 1.5, oili ikiwa imeshapata moto. Ukikaa na skrini unaona kabisa.

Alafu endesha. Chukua Prado yenye giaboksi ya A750F, hii ina gia 5 na uwiano wake unajulikana, ya 1 ni 3.520, ya 2 ni 2.042, ya 3 ni 1.400, ya 4 ni 1.000 na ya 5 ni 0.716. Ikiwa gia ya 3 na tabaini inasoma 2,100 basi shafti ya kutoka isome 1,500, gawanya kwa simu yako utapata 1.4 juu ya alama. Ukiona tabaini inapanda mpaka 2,500 na shafti ya kutoka imebaki 1,500 basi kuna kitu kinateleza kwenye gia ya 3, hapo sibishi na mtu. Ikiwa gia ya 4 namba mbili zinatakiwa zilingane kabisa. Hesabu hii ni ya darasa la sita, nashangaa kwa nini watu wanalipishwa mamilioni bila mtu kuifanya.

Kuna mzee mmoja wa Machame aliniletea Prado ya hivyohivyo, gereji moja ilishamwambia giaboksi kwisha kwa sababu mashine ilitoa P0700 na P0717, na gari kweli ilikuwa inapiga kama imegongwa kwa nyuma ikiwa barabarani. P0717 ni kwamba kompyuta haipati ishara ya sensa ya tabaini. Tukatoka naye kuelekea Bomang'ombe mashine ikiwa imechomekwa, spidi iko 70, injini imetulia, tabaini inasoma 1,800 alafu ghafla sifuri, alafu 1,800 tena. Sasa fikiria, kipande cha chuma kinachozunguka mara 1,800 kwa dakika hakiwezi kusimama na kuanza tena ndani ya kufumba na kufumbua, kama giaboksi ingekuwa inateleza ungeona namba inapanda na kushuka kwa mtiririko. Kinachoruka hivyo ni ishara. Tukalala chini ya gari tukakuta waya wa sensa umelalia bomba la ekzosi na plastiki yake imeyeyuka. Mzee akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu giaboksi ni nzima?" Nikamwambia nzima mzee, ni waya tu. Alikuwa ameshaanza kuuza ng'ombe. Hicho ndicho kinachonifanya niandike, kuna watu wanauza mifugo na viwanja kwa ajili ya waya.

Konveta nayo inasingiziwa sana, hasa ikitokea P0741 ambayo inasema klachi ya konveta haifanyi kazi yake. Ukiwa kwenye lami tambarare pale baada ya Kwa Sadala spidi 80, konveta ikiagizwa ifunge, injini na tabaini zinatakiwa ziende karibu sawa, 1,900 kwa 1,880 ni nzuri, ingawa kuna gari zinaachia utelezi kidogo makusudi kwa hiyo usishtuke kwa tofauti ndogo. Ikiwa imeagizwa ifunge na bado injini iko 1,900 tabaini 1,600, sasa una sababu ya kuuliza. Lakini uliza kwa mpangilio. Kwanza oili, pili solenoidi na waya wake, konveta yenyewe iwe mwisho maana kuifikia lazima giaboksi ishuke. Na kama skrini inaonyesha konveta haijaagizwa kabisa ifunge, hilo ni swali lingine, ina maana kompyuta yenyewe inakataa kutoa amri, na inakataa kwa sababu.

Sababu moja ni swichi ya taa za breki. Ukikanyaga breki kompyuta inaachia konveta, sasa swichi ikiharibika ikabaki inasema breki imekanyagwa muda wote, konveta haifungi, gari inakula mafuta na oili inapata moto ukipanda Marangu. Angalia kwenye skrini tu, mguu haupo kwenye breki na skrini inasema upo. Swichi yenyewe ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Sababu nyingine ndiyo naomba mafundi wenzangu wanisikilize bila kukasirika, ni hii tabia yetu ya kutoa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari ikichemsha kidogo tu fundi anachomoa themostati anatupa, anasema kwa Afrika haina kazi. Jamani Moshi mwezi wa 7 asubuhi mnaijua, na Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Ngaramtoni na Usa River watu wanavaa makoti. Gari isiyo na themostati inateremka kutoka Machame maji yake yanasoma digrii 50 na kitu. Na kompyuta nyingi za Toyota hazitoi ruhusa ya ovadraivu, yani gia ya mwisho, wala kufunga konveta mpaka maji ya injini yafike karibu digrii 60, kwa sababu inajua injini bado ya baridi. Matokeo yake gari haiingii gia ya mwisho, inanguruma tu, mwenye gari anasema giaboksi ina shida, mashine haitoi namba yoyote ya giaboksi, na bado nimeona mtu anaambiwa abadilishe giaboksi! Dawa ni themostati mpya na kurekebisha kilichokuwa kinachemsha, iwe ni feni, rejeta au pampu ya maji. Namba ya kusoma kwanza kabisa kwenye skrini ya gari isiyoingia gia ya mwisho ni joto la maji, sio kitu cha giaboksi.

Joto la oili ya giaboksi nalo lina habari zake. Kwenye kazi ya kawaida nyingi zinakaa 80 mpaka 95 hivi. Ukipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu nyuma ya malori itapanda zaidi na hilo ni la kawaida, tatizo ni kama ukifika tambarare haishuki. Sasa ukiona skrini inasoma digrii 40 chini ya sifuri, hakuna mahali Tanzania penye baridi hiyo, huo ni waya wa sensa umekatika. Ukiona inasoma 150 gari ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, waya umegusa bodi. Na hii sio habari ndogo kwa sababu kompyuta inaamini inachosomewa, ikidhani oili imeungua itabadili gia kwa namna ya kujilinda na wewe utahisi giaboksi imechoka.

Kitu kingine cha kukumbuka, skrini ikisema solenoidi imewashwa hiyo ni amri iliyotolewa, sio kwamba solenoidi imetii. Vilevile presha inayoandikwa pale kwenye gari nyingi ni ile kompyuta iliyoiagiza, sio iliyopo kwenye mirija. Ukitaka presha ya kweli unafunga geji kwenye tundu la kupimia pale kwenye giaboksi, njia ya zamani na bado hakuna iliyoipita. Na mashine ikisema hakuna namba yoyote haina maana giaboksi ni nzima, pleti za klachi zinaweza kuisha taratibu na oili ikawa nyeusi inanuka kuungua bila taa yoyote kuwaka. Nusa oili. Kama imegeuka rangi ya maziwa ya pinki basi maji ya rejeta yameingia, kwa sababu gari nyingi zinapoza oili ya giaboksi ndani ya rejeta, na hiyo usiiendeshe hata kilomita moja.

Na jamani msifute namba kabla hamjaandika. Hii inaniudhi kuliko zote. Namba inapojiandika gari nyingi zinahifadhi na picha ya tukio, yani spidi ilikuwa ngapi, injini ilikuwa kwenye mzunguko gani, maji yalikuwa na joto gani wakati ule. Ukifuta umetupa ushahidi, gari inaondoka taa imezimika mwenye gari anafurahi, baada ya muda taa inarudi na sasa hakuna anayejua ilianzaje. Piga picha skrini kwa simu, ni bure. Alafu betri, pima betri kwanza. Betri iliyochoka au altaneta inayosuasua inaleta namba za ajabu ajabu kibao hasa zile zinazoanza na U ambazo zinasema kompyuta hazisikilizani, na baadhi ya watu wanabadilishiwa kompyuta ya gari kwa shida ya betri. Na hawa vijana wa kuosha magari kwa presha wasipige maji upande wa giaboksi, swichi ya nyutro ikiingia maji gari inaweza isiwake au skrini ikaonyesha uko R wakati umeweka D.

Wenye Nissan za CVT na gari zingine za CVT, hesabu za gia nilizoandika hapo juu msizitumie, ile haina gia za hatua, uwiano wake unabadilika muda wote, na oili yake ni ya kwake, ukiweka ATF ya kawaida, yani oili ya giaboksi za automatiki zenye gia, ndani ya CVT umeiua mwenyewe.

Ninachoomba ni vitu viwili. Chuo cha Ufundi Arusha pamoja na VETA za Arusha na Moshi wafikirie kozi fupi ya jioni kwa mafundi ambao tayari wako gereji, kozi ya kusoma data za giaboksi gari ikiwa inatembea, sio ya kuchomeka na kusoma namba, hilo kila mtu anajua. Vijana wanaipenda hii kazi na wanajifunzia kwa video za simu usiku, wakipata mtu wa kuwasimamia wiki chache watakuwa mbali sana.

La pili ni kwa wenye magari. Ukiambiwa giaboksi imekufa, mwambie fundi kwa heshima kabisa, naomba namba zote zilizotoka kwenye kompyuta ya giaboksi na sio ya injini tu, naomba unionyeshe tabaini na shafti ya kutoka tukiwa tunaendesha, na naomba kuona oili. Mlipe kwa hiyo kazi, maana ni kazi halali na inachukua muda, tatizo letu hatutaki kulipia kupima tunataka kulipia spea, ndiyo maana fundi naye anakimbilia kwenye spea. Na kama kweli imekufa ukaweka nyingine ya mtumba, hakikisha kabla hujaondoka amefuta yale mazoea ya giaboksi ya zamani kwenye kompyuta kwa kutumia mashine na mkaenda kuiendesha ijifunze upya, la sivyo itapiga gia kwa kushtua na utadhani umeuziwa mbovu.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi umeme wa magari,
Majengo, Moshi.